Densi ya Kufukuza Ndege

Juzi kwa harusi huko Katito niliona watoto wanacheza densi yangu, nikamwaga soda yote.

Hiyo densi niliitunga nikiwa mtoto, nikifukuza ndege kwa omena, dagaa za Mama zilizoanikwa juani. Tulinuka samaki mpaka paka wa Kisumu nzima wakatufuata. Mguu unaruka, mikono inapepea, kiuno kinazunguka kama kimevunjika. Binamu yangu Akinyi, niliyekuwa namfundisha, alikuwa anajikwaa tu. "Rudia, dadangu, mimi ni mzito." Nikaamini ni mzito, nikarudia mchana mzima, Mama akituangalia.

Jioni, watoto tukicheza kanisani, Akinyi akaruka mbele kwanza. Hakuwa mzito hata kidogo! Mabati yakatetemeka. Kufika zamu yangu, watu wakacheka, "Huyu naye anaiga Akinyi!"

Nikamtafuta Mama awaambie. Mama alikuwa bado anampigia Akinyi vigelegele.