Kipimo cha Jicho Kilikuwa cha Siku Ile Tu

Jumamosi ya kuamkia Pasaka mwaka huu nilimpoteza mdogo wangu wa kiume. Watu wanasema ameuawa na maji ya kichwani. Mimi nakiri kwamba aliniomba nimpeleke hospitali, nikakataa.

Alikuwa mtu mzima, fundi baiskeli hapa Mugango, tukiishi nyumba moja. Miaka ya nyuma aliwekewa mrija mwembamba wa kushusha maji kutoka kichwani kwenda tumboni. Mrija ukiziba, presha inapanda ndani ya kichwa.

Jumatatu ya wiki ile kichwa kilimuuma, nikampeleka Musoma. Daktari alimwambia afumbe macho, akampaka jeli kwenye kope, akaweka kifaa cha ultrasaundi. Nilicheka. Kichwa kinauma, wanapima jicho! Akanieleza kwamba mshipa ulio nyuma ya jicho umeungana na ubongo, na presha ya kichwani ikipanda, unavimba.

"Leo yuko sawa," akasema. "Lakini dada, hiki ni kipimo cha leo. Kichwa kikizidi, au akitapika, mrudishe siku hiyo hiyo."

Nilisikia vizuri kabisa. Ila nyumbani nilirudi na neno moja tu: yuko sawa.

Alhamisi asubuhi akatapika. Nilikuwa nimeanika dagaa, na wingu limetanda upande wa ziwani.

"Dada, twende wakanipime tena."

"Juzi si umepimwa? Au umeipenda ile jeli?"

"Dada, sidanganyi. Kichwa kinapasuka."

"Mashine imekuona mzima, wewe unajua kuliko mashine? Hizi dagaa zikinyeshewa, tunakula nini?"

Akarudi ndani, akajilaza. Jamani, hakuniomba tena! Na mimi nikafurahi, nikadhani amenielewa.

Kesho yake mchana nilimkuta amelala, namwita haitiki. Tulipofika Musoma, daktari yule yule akampima tena macho. Safari hii hakunieleza kitu. Aliuliza tu, "Kichwa kilianza kuzidi lini?"

"Leo asubuhi," nikasema.

Nilimdanganya mtu anayehangaika kumwokoa ndugu yangu! Niliogopa aibu, hata pale!

Wakatafuta gari la kumpeleka Mwanza akafanyiwe upasuaji, likapatikana usiku sana. Alfajiri, kabla hatujafika Bunda, akakata roho.

Ninyi mnaouguza, nawasihi. Mashine ikisema salama, imesema ya saa ile. Mgonjwa akikwambia leo hali ni nyingine, msadiki yeye. Na daktari akikuuliza, sema ukweli, hata kama unakuumbua.

Tulimzika Butiama, nyumbani kwa wazazi. Msibani watu walinisifu: "Huyu dada amemuuguza mwenzake, hakuchoka." Kila sifa ilinichoma. Jioni nikashindwa kuvumilia, nikamweleza mama yote, wanawake wengine wakisikia.

Mama aliniuliza swali moja.

"Alikuomba?"

"Aliniomba, mama."

Akainuka, akahamia mkeka mwingine.