Jioni Aliyotaka Kupakuliwa

Tangu tumzike mume wangu, kila anayekuja kunipa pole anasifu mkono wake. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni; maisha yake yote alisimama na upawa akiwapakulia watoto wa watu. Hata nyumbani hakuniachia sufuria. "Kaa, mama watoto. Kupakua ndiyo kazi aliyonipa Mungu."

Alipostaafu, binti yetu alimuuliza anataka zawadi gani.

"Nikae mahali, niletewe chakula. Nisisimame."

Binti akatupeleka mgahawa wa Kihispania. Ningejua, ningefunga mlango na ufunguo nikaumeza.

Kwetu hakuna anayegusa chakula mpaka chote kiwe mezani na baba aombe. Kule chakula huja kidogo kidogo, kwenye visahani vya kuwekea kikombe. Wakaja kamba watatu kwenye mafuta, kisha kipande cha viazi na mayai. Tukakunja mikono kusubiri wali tuliouagiza. Mhudumu akapita, akaona hatuli, akavibeba!

"We kijana, unavipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Nilidhani hamkuvipenda, mama."

"Tutavipendaje na hatujaviombea?"

Akavirudisha vimepoa.

"Baba, si uombe tu kila kinapokuja," binti akanong'ona.

"Nimsumbue Mungu kwa kamba watatu?"

Wali ulipofika ulikuwa mgumu, tena umeungua chini. "Huo ukoko ndio utamu wenyewe, mzee," mhudumu akasema. Akatua kikaango katikati ya meza, akaenda zake.

Tukaomba. Mume wangu akatazama huku na huku. Hakuna aliyekuja kupakua. Akashusha pumzi, akasimama, akatupakulia sote. "Kwa ukoko huu," akasema akikwangua, "wale watoto wangechoma bweni."

Binti akainamisha uso. Bili ilipokuja, ungedhani tumenunua na viti. Mhudumu akauliza kama tumefurahia. "Mungu akubariki," mume wangu akamjibu, maana uongo ni dhambi.

Tulirudi nyumbani na njaa zetu. Akaelekea jikoni. Nikamzibia mlango.

"Kaa."

"Mama watoto, acha nika—"

"Nimesema kaa! Leo utaletewa hata ukinuna."

Akakaa. Nikamkaangia mayai, nikamwekea na mkate mbele yake. Akaomba sala ndefu mpaka nikakohoa. Kisha akala, akamaliza, akanisogezea sahani bila kuinuka.

"Niongeze," akasema.