Fidla Niliyoitoa Kasoro

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposikia fidla ikiwekwa sawa nyuzi zake. Nilikuwa mbali na nyumbani, Guangzhou, katika baridi ya Uchina, miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, nimemaliza skuli ya sekondari, nimeingia katika biashara, na nilijiona nimeshaijua dunia. Siku ile nilitahayari mbele za watu, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa tahayuri ile.

Wakati huo sisi tuliotoka Unguja na Dar es Salaam tulikuwa wachache kule. Nilinunua vitambaa vya mapazia na mitandio katika soko la Zhongda, na viatu nilivifuata mtaa wa Zhanxi karibu na stesheni ya treni, ambako usipoangalia mkokoteni unakupita juu ya vidole. Kichina changu kilikuwa cha kununulia tu: bei gani, ghali, punguza, sitaki. Kila kitu nilikishika kwa mkono wa mnunuzi. Nikipewa kitambaa, kabla sijakisifu nakitafutia doa, maana doa ndilo linaloshusha bei. Ukifanya hivyo kutwa, mkono unazoea, na huwezi tena kuuzuia hata pale ambapo hakuna anayeuza kitu.

Sasa nikueleze kuhusu baba yangu. Mchana alikuwa fundi cherehani. Jioni alikuwa mpiga fidla wa kikundi cha taarabu cha mtaani kwetu, na wenziwe walikuwa hawaanzi mpaka afike. Utotoni nilikuwa nalala kwa sauti ya fidla ile, lakini sikuwahi kukaa nikafundishwa. Niliona ni mambo ya wazee. Nilipoanza kusafiri, kila nikirudi baba huniambia, "Kaa na mimi msimu mmoja, nikupe hizi nyimbo." Nami humjibu, "Nikimaliza mzigo huu, baba." Mzigo haukuisha. Badala ya kukaa nilimletea vitu: saa, koti, redio, feni. Alivipokea vyote kwa shukrani na kuvipanga juu ya kabati.

Mwaka ule Ramadhani iliingia katikati ya baridi, na Idi ikakutana na mwaka mpya wa Wachina. Maduka yote yalifungwa, wafanyakazi walirudi kwao, na kontena langu likakwama. Siku ya Idi niliswali katika msikiti mkongwe wa mji ule, kisha nikaenda kwenye kibanda cha simu.

"Baba, Idi Mubaraka."

"Nawe pia, mwanangu. Baridi ikoje huko?"

"Kali. Nimevaa makoti mawili."

"Makoti mawili na sauti bado inatetemeka! Unarudi lini?"

"Nikimaliza kontena hili."

"Kwani lile la mwaka jana hujalimaliza?"

Nikacheka. Nikamuuliza nimletee nini.

"Sina haja ya kitu," akasema. "Leo usiku tunapiga taarabu ya Idi. Tutafungua na ile bashrafu ya marehemu mwalimu wangu. Wenzangu siku hizi wananifuata tu, anayeijua yote ni mimi peke yangu. Njoo uichukue kabla vidole havijanigomea."

"Nitakuja, baba. Na nitakuletea fidla mpya."

"Haya. Ule vizuri huko."

Bashrafu, kama hujui, ni ule muziki usio na maneno ambao kwetu hufungulia shughuli. Ile ya baba ilikuwa ndefu, yenye kupanda na kushuka, na mimi nilijua mwanzo wake tu, kwa sababu utotoni usingizi ulikuwa ukinichukua hapo.

Kesho yake Liang alinijia hotelini. Liang alikuwa mwenye duka la mapazia Zhongda, kijana mwenzangu, mcheshi, na tulielewana kwa Kichina changu kibovu na Kiingereza chake kibovu zaidi. "Laoban," akaniambia, ndivyo wanavyomwita bosi, na ndivyo walivyotuita sote tulionunua, "sikukuu mtu hakai peke yake. Twende kwa mama."

Kwao kulikuwa mji mdogo wa zamani, kusini ya jiji, safari ya basi na kivuko. Nilitarajia mashamba. Nikakuta vichochoro vyembamba vya mawe kama vya Mji Mkongwe wetu, na nyumba nyengine kuta zake zimejengwa kwa makombe ya chaza, yamepangwa safu juu ya safu, ncha nje. Mimi niliyelelewa katika nyumba ya mawe ya matumbawe nilisimama mbele ya ukuta ule nikiushangaa mpaka Liang akanivuta mkono. Kila mlango ulikuwa na mti mdogo ndani ya chungu, umejaa vichungwa vidogo. Kulikuwa na ngoma, na vijana waliocheza ndani ya simba wa kitambaa. Baridi ilikuwa ya unyevu, inaingia mpaka ndani ya mifupa, na hakuna aliyeijali.

Mama yake Liang alitupokea mlangoni ameshika sufuria lililokuwa bado limebandikwa karatasi ya dukani. Akanionyesha ndani, akanionyesha chini, akasema maneno mengi.

"Mama anasema sufuria hili halijawahi kumwona nguruwe," Liang akafasiri. "Na samaki yuko hai kwenye ndoo, umchague mwenyewe."

Mwanangu, mwanamke yule hakuwa akinijua. Hakutarajia faida yoyote kutoka kwangu. Alisikia tu kwamba mgeni wa mwanawe hali nguruwe, akaenda kununua sufuria. Nimekula karamu nyingi tangu siku ile, na samaki yule bado nauhisi utamu wake.

Alasiri tukaenda kwenye nyumba kubwa ya ukoo wao, yenye nguzo za mbao nene na majina ya mababu yaliyoandikwa ukutani. Juu zimetundikwa taa za karatasi, kila mtoto wa kiume aliyezaliwa katika ukoo mwaka ule amewekewa yake. Chini, wazee wamekaa kuzunguka jiko la makaa, na kila mmoja ana ala yake mapajani. Hawakuwa wameajiriwa na mtu. Liang aliniambia wamekuwa wakikutana hivyo kila baridi tangu ujana wao, kama baba zao kabla yao. Mmoja alikuwa na ala ya nyuzi nyingi inayogongwa kwa vijiti vya mwanzi, nikaiona kama ndugu ya ganuni yetu ya taarabu. Na katikati yao alikuwako mjomba wake Liang, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, ameshika fidla. Fidla hasa, ileile ya kwetu.

Walipiga. Nilisimama kando, na sauti ya fidla ile ilinigusa mahali ambapo sikuwa nimepagusa kwa miaka. Unadhani nilifanya nini? Nilifanya hesabu. Nikajiambia, zawadi ya baba ndiyo hii.

Walipopumzika nilikwenda nikaichukua fidla pale mzee alipoiweka. Sikuomba. Nikaigeuza, nikagonga tumbo lake kwa kidole, nikachungulia tunduni. Chini ya nyuzi niliona ufa mrefu uliogundishwa. Nikauonyesha kwa kidole ili kila mtu auone, nikasema kwa kile Kichina changu cha sokoni, "Hii mbovu. Imepasuka. Bei gani? Punguza."

Liang akageuka rangi. Hata watoto waliokuwa wakikimbizana walisimama.

Mpiga ngoma, mzee mnene, akaiweka ngoma yake chini. Alisema jambo, wenziwe wakaangua kicheko.

"Anasemaje?" nikamuuliza Liang.

Liang hakutaka kufasiri, nikamshika. "Anasema, kama bosi ananunua vilivyopasuka, amchukue na mjomba mwenyewe. Naye ameshazeeka, bei yake itashuka."

Mjomba alicheka pia, lakini alinyoosha mkono, nami nikamrudishia fidla. Akapitisha kidole gumba juu ya ufa ule taratibu. Akasema na Liang akawa ananifasiria kwa sauti ya chini. Kulikuwa na miaka ambayo vitu vya zamani nchini mwao vilivunjwa na kuchomwa, na mwenye kuvificha akitiwa hatarini. Mzee aliifunga fidla katika blanketi akaizika chini ya rundo la kuni. Ikakaa huko miaka. Uzito wa kuni ndio ulioipasua.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilisema samahani kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Nikamwambia Liang amweleze kwamba nilikuwa naitaka kwa ajili ya baba yangu, maana naye ni mpiga fidla.

Uso wa mzee ukabadilika. "Baba yake anapiga? Anapiga nini? Hebu aniimbie."

Nikaimba ule mwanzo wa bashrafu kwa mdomo, bila maneno. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza, akaniashiria nirudie. Kisha akaiweka fidla begani na kuupiga mwanzo ule wote kwa sikio tu, pamoja na ule mkunjo wa baba wa kuiburura sauti kabla ya kuiachia. Kwa muda nilikuwa Unguja. Akafika pale nilipoishia. Akauinua upinde wa fidla hewani, akanitazama.

"Halafu?"

"Sijui," nikasema.

Akadhani sikumfahamu. Akapiga tena tangu mwanzo, akafika palepale, akauinua upinde na kungoja. Wazee wote walikuwa wananitazama, mwenye vijiti vya mwanzi ameshavishika tayari kuingia. Sikuwa na kitu cha kuwapa.

"Baba yake yuko hai?" mzee akauliza.

"Yuko."

"Ana fidla?"

"Anayo."

"Sasa ya pili ya nini?" Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma. "Mwambie aende kwao akakae na baba yake. Kisha aniletee kilichobaki. Mimi nitangoja hapa."

Nilirudi Guangzhou na kivuko cha mwisho. Maduka yalipofunguliwa nilimwachia Liang kontena langu alipakie, naye akaifanya kazi ile kama yake. Nikapanda ndege.

Nilimkuta baba vidole vya mkono wa kushoto vimeshaanza kumgomea. Hakuniambia katika simu. Mwisho wa bashrafu, pale penye mbio, hakuweza tena kupapiga. Basi aliniimbia, nami nikaimba, akanirekebisha, nikaimba tena. Mama alikuwa akipita na kusema, "Mnapigia kelele majirani," na sauti yake imejaa furaha. Masika yote nilikaa. Kuna siku baba alinicheka mpaka akakohoa. "Una masikio ya muuza viatu," akasema, "lakini yanafunguka."

Nilipata bashrafu nzima, na nyimbo chache. Zilizobaki, na zilikuwa nyingi, sikuziwahi. Kabla ya Ramadhani nyengine kuandama, baba alifariki. Nyimbo zile hakuna azijuaye leo, na hilo ni kosa langu mimi, si la biashara wala la mtu mwengine. Miaka yote aliyoniita nilikuwa na miguu ya kuendea.

Mwaka mpya wao uliofuata nilirudi kwenye mji ule. Mama yake Liang akalitoa lile sufuria kabatini, alikuwa ameliweka mbali na mengine. Alasiri tukaenda ukumbini. Taa zilikuwa mpya, za watoto wapya. Mjomba aliponiona hakunisalimu. Alichukua fidla yake yenye ufa, akaupiga mwanzo wa bashrafu ya baba mpaka palepale tulipoachana, akauinua upinde na kungoja.

Nikamwimbia kilichobaki. Akakipokea kipande kwa kipande, mpaka mwisho.

"Baba yako hajambo?" akauliza.

Liang akamjibu kwa niaba yangu kwamba ameshafariki. Mzee aliiweka fidla begani, akaipiga bashrafu tangu mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, na wenziwe wakaingia mmoja mmoja, vijiti vya mwanzi, ngoma, wote, chini ya majina ya mababu zao.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mzazi au mzee wako akikuita ukae naye, usimpelekee zawadi badala yako. Kaa. Anachotaka kukupa hakiji kwa posta, na hajui mwenyewe mpaka lini ataweza kukitoa. Ukienda ugenini, usikitie mkono kitu cha mtu wala usikitoe kasoro kabla hujauliza kimepitia nini. Na beba kitu cha kwenu kichwani mwako, kwani ipo siku utaambiwa "halafu?" na watu wa heshima watakuwa wanakungoja. Ukikosea, kubali kukosolewa na yeyote, hata asiyejua lugha yako. Mimi nilimpata baba yangu kwa sababu mtu wa ugenini alinitahayarisha.

Fidla ya baba iko kwangu, na nyuzi zake nzima. Alasiri huwa niko nyumbani. Huna haja ya kupiga hodi mara mbili.

Mungu akufungue masikio mapema kuliko alivyonifungulia mimi. Akukutanishe na watu wa kukununulia sufuria, na wa kukuambia ukweli bila kukufukuza. Na siku utakapoinua upinde wako wewe na kungoja, akujaalie awepo wa kukumalizia. Amin.