Sekunde Arobaini

Ukimwona mtu mzima amechuchumaa mbele ya bomba, ndoo ya lita kumi kati ya miguu na saa ya mkononi karibu kugusa pua, usimcheke. Ndiyo kazi yake. Mwanzoni watu walicheka sana, wakambandika jina la Sekunde, na jina likamganda mpaka marehemu mkewe naye akawa anamwita hivyo kila alipoudhika.

Alikuwa mtunza bwawa. Bwawa lenyewe si kubwa. Ukiita kutoka ng'ambo hii, mtu wa ng'ambo ile anageuka. Ni la mama mmoja aliyestaafu uuguzi, kila mtu anamwita Madamu, na hakulijenga kwa ajili ya kumwagilia mashamba wala kunywesha ng'ombe. Alilijenga ili watu wafurahi. Siku za mapumziko familia zinakuja, watoto wanavalishwa jaketi za kuelea, wapenzi wanapanda vile viboti vya kukanyaga kama baiskeli na kugombana nani anakanyaga na nani kakaa tu. Upande mmoja umezungushiwa kamba yenye maboya, na hapo ndipo pa kuogelea.

Kinachoyashika maji yote hayo ni tuta la udongo, halina saruji wala chuma. Sekunde alikuwa mmoja wa waliobeba udongo huo na kuushindilia. Sasa, tuta la udongo hata likiwa zima lina kawaida ya kuvuja kidogo, na maji hayo hukusanywa na bomba moja lililoko chini kabisa. Mhandisi aliyelijenga alimwachia agizo: kila asubuhi shuka, kinga ndoo, hesabu inajaa kwa sekunde ngapi, andika. Ikijaa kwa muda ule ule na maji ni safi, tuta lina afya. Ikijaa upesi, au maji yakija na tope, ujue tuta linaliwa kwa ndani.

Miaka kumi na minne ndoo ilijaa kwa sekunde arobaini, ikizidi sana arobaini na mbili, ikipungua thelathini na nane. Chini ya tuta kuna nyumba tisa, na mojawapo ni ya binti yake, fundi cherehani, anayeishi humo na mumewe na watoto wawili. Mpangaji mpya akiuliza kama si hatari kulala chini ya maji yote yale, binti huyo alikuwa anamjibu bila kuinua uso kwenye kitambaa, "Baba yangu yuko juu. Lala."

Sasa nikwambie alichofanya. Mwenyewe hajakificha tangu siku ile, na mimi sioni kwa nini nimfichie.

Asubuhi moja ya mvua goti lilikuwa linamuuma, na ngazi sitini na mbili za kushukia, zilizochongwa kwenye udongo, zilikuwa zinateleza. Akasimama juu, akatazama chini, akarudi kibandani kwake. Akaandika arobaini. Kwani jana ilikuwa ngapi? Na juzi je? Kesho yake mvua ilikuwa imekatika lakini goti lilikuwa pale pale, na kuandika kulishakuwa rahisi. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Miezi saba hakukanyaga chini.

Na kinachonikera mimi ni kwamba hakuandika arobaini mfululizo kama mvivu wa kawaida. Alikuwa anapika. Leo arobaini, kesho thelathini na tisa, keshokutwa arobaini na moja, na siku za mvua anapunguza kidogo ili daftari lionekane lina uhai. Asiyeijua kazi hiyo asingeweza kudanganya vizuri namna ile.

Kiangazi kikaja, viboti vikaanza kukwama kwenye tope upande wa kina kifupi. Wakati huohuo shule tatu zikaomba kuleta wanafunzi wajifunze kuogelea. Madamu akataka maji yaongezwe kwa nusu mita, akamwita injinia aje akague na kutia saini. Akaja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buti zake zimechakaa kuliko za Sekunde.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Injinia akaketi ofisini, akalifungua daftari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Sekunde alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Madamu, nimekagua mabwawa mengi," injinia akasema. "Daftari la namna hii sijaliona. Wengine wanaandika namba moja mwaka mzima, unajua kabisa hawashuki. Huyu mzee anashuka."

"Huyo ndiye Sekunde wangu," Madamu akasema, na alivyolitamka ungedhani amemzaa yeye.

"Basi nikimaliza chai nishuke mara moja nikaangalie, halafu nisaini."

Sekunde aliona masikio yake yanawaka moto. Ameshatukanwa katika maisha yake, tena na watu wanaojua kutukana, lakini hakuna tusi lililowahi kumchoma kama sifa ile. Akasema anakwenda kutazama kama ngazi zinapitika, na uongo huo nao ukatoka laini kabisa. Akabeba ndoo, akashuka. Nyasi zilikuwa zimefunika ngazi mpaka magotini, hapana hata dalili ya unyayo wa mtu, na alizipita kwa haya kama mtu anayepita mbele ya wakwe zake amevaa shati lililochanika.

Akakinga ndoo, akatazama saa. Ishirini na mbili. Akamwaga, akakinga tena. Ishirini na mbili. Akateka kidogo kwa kiganja, akaona maji yana rangi ya chai ya maziwa. Akakaa chini palepale kwenye majani mabichi.

Na akiwa pale shetani akamletea wazo zuri sana. Apande mbio, aseme leo ni ishirini na mbili. Nani atajua? Jana arobaini, leo ishirini na mbili, tuta limegeuka ghafla na mtunza bwawa makini amelikamata siku hiyo hiyo. Nyasi atasema zimeota kwa mvua zilizopita. Wazo hilo alilipenda, nasema wazi, na alipanda nalo ngazi zote sitini na mbili.

"Imejaa kwa ishirini na mbili," akasema mlangoni, akihema. "Na maji yana tope."

Injinia akaweka kikombe chini, akasimama. "Jana ilikuwa arobaini."

Sekunde akaweka ndoo chini.

"Mzee, nisikilize vizuri. Kama imebadilika tangu jana, tuta linaweza kukatika leo hii. Itabidi nifungue yote ile koki ya kutolea maji ya bwawa, yatoke kwa kasi, hata kama udongo uliolowa wa upande wa ndani utaporomoka. Lakini kama limekuwa likibadilika polepole, nikiyatoa kwa kasi ndiyo nitalibomoa mimi mwenyewe. Lazima nijue. Jana ilikuwa ngapi?"

Nje familia moja ilikuwa ndani ya kiboti, vicheko vyao vinasikika mpaka ofisini. Madamu alikuwa anamtazama kwa imani ile ile ya miaka yote, anangoja namba. Sekunde akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi, na umeandika hapa?"

"Nimeandika, lakini sikushuka. Jana sikushuka, juzi sikushuka. Nina miezi saba sijashuka. Namba zote hizo nimezitunga nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Hakuna aliyempigia kelele. Afadhali wangepiga. Madamu alilivuta daftari, akalifunua katikati, akalitazama, akalifunga. Injinia alishatoka nje, simu sikioni. Lile neno "sijui" lilikuwa jibu baya kuliko yote mawili, lakini angalau lilikuwa la kweli, na juu yake aliweza kupanga: watu watoke majini, nyumba tisa zihame, koki ifunguliwe robo tu na ndoo ikingwe kila nusu saa.

Aliyekinga ni Sekunde. Hakuambiwa, alichukua ndoo akashuka. Siku tatu alishuka na kupanda mpaka goti likavimba, na kila alipomsomea injinia namba, injinia, aliyekuwa anapima naye kando ya bomba, aliitazama saa yake mwenyewe kwanza ndipo akaandika. Sekunde aliliona hilo kila mara.

Siku ya nne bwawa lilikuwa tope tupu, viboti vimelala ubavu. Wakachimba, wakakuta ndani ya tuta mzizi mnene uliooza ukaacha tundu, na maji yakawa yanalipanua. Injinia aliingiza mkono mpaka begani.

Watu wakarudi majumbani kwao kutoka kwenye madarasa ya shule walikolazwa, magodoro vichwani. Walichojua wao ni kwamba Sekunde alionekana akipanda mbio kutoka bombani, na baada ya hapo wakaokolewa. Mama mmoja wa nyumba zile tisa, mwenye genge la mboga, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akuzidishie, Sekunde. Angekuwa mtu mwingine pale juu, saa hizi tungekuwa tunaokotwa mabondeni."

Akavishwa kilemba cha ukoka, na akajibu, "Ahsante." Neno hilo lilimuuma kuliko miezi yote saba.

Akaenda moja kwa moja kwa binti yake. Akamkuta anairudisha cherehani mahali pake karibu na mlango. Akakataa kiti. Akamweleza yote akiwa wima, kuanzia asubuhi ya mvua mpaka ile ahsante, hakupunguza kitu. Binti alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, na hakuacha mpaka ulipopita.

"Baba, nilijua hushuki," akasema.

Sekunde akamtazama.

"Dirisha la jikoni si linaelekea bombani? Kila nikibandika chai asubuhi nilikuwa nakuona. Halafu nikaacha kukuona."

"Mbona hukuniuliza, mama?"

"Nikuulize nini? Nilijisemea, baba amepata njia nyingine ya kupima. Baba hawezi kuacha hivi hivi, na sisi tuko hapa."

Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini alinunua uzi mweupe na si mweusi. Macho ya Sekunde yalijaa machozi, akageuka ili wajukuu wasimwone.

Kisha akatoka. Nje watu walikuwa bado wanaingiza vyombo vyao, nyumba hadi nyumba. Akaanza na mama wa genge, aliyekuwa anapanga nyanya huku akijiimbia, akamwomba aache kidogo amsikilize.