Siku Nilipomrusha Baba Yake Kemunto

Haya, chekeni mapema mmalize, maana nikifika katikati sitaki mtu anikatize: mimi ndiye yule kijana aliyembwaga baba mkwe mchana kweupe, mbele ya wazee wa pande zote mbili, siku ya posa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nafanya kazi kwenye duka la Mhindi mmoja mjini Kisii, kazi yangu kupima sukari na kuifunga kwa karatasi za magazeti na vitabu vikuukuu. Siku moja katika rundo hilo nikakuta kijitabu cha picha za judo, mieleka ya Wajapani, watu wawili wenye nguo nyeupe na mishipi: picha ya kwanza mmoja ameshikwa bega kwa nyuma, ya pili ameinama, ya tatu yule wa nyuma yuko hewani, miguu juu! Niliduwaa. Kizungu chake kilinishinda, lakini picha nilizielewa (au nilijidanganya hivyo). Kurasa za mwisho zilionyesha jinsi ya kuanguka bila kuumia, mtu anapiga ardhi kwa kiganja, nikaona huo ni upuuzi, nani anataka kujifunza kuanguka? Nikazichana kurasa hizo, nikawafungia wateja sukari.

Mwezi mzima mwenzangu Onchari alikuwa akininyemelea ghalani, ananishika bega, namrusha juu ya magunia matupu, hata ikafika mahali bega likiguswa tu mwili unafanya wenyewe kabla sijafikiri.

Basi tukaenda Kiogoro, mimi, baba na wajomba zangu, kumposa Kemunto, msichana niliyempenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Mazungumzo yakaenda vizuri ajabu, wazee wakakubaliana habari ya ng'ombe, tukabaki kungojea chakula. Mimi nikatoka uani, na huko nikamkuta Mogaka, kaka yake Kemunto, mwanamume kama gogo.

"Wewe mtu ya duka," akanichokoza, "hii mikono ni ya kupima sukari tu. Ng'ombe ikikataa kuingia boma utafanya nini?"

Kemunto alikuwa mlangoni pa jikoni, akacheka. Kama asingecheka ningenyamaza, lakini alicheka, nami nikavua koti.

"Njoo nyuma yangu," nikamwambia Mogaka, "nishike bega uone."

Nikampa mgongo, nikafumba macho kwa maringo. Nikasikia nyayo, mkono ukatua begani, nikainama, nikavuta, na jamani, ilitoka safi kuliko picha yenyewe! Nikashangaa tu Mogaka alivyo mwepesi.

Nikafumbua macho. Mogaka alikuwa amesimama mbele yangu, mdomo wazi, hajasogea hata hatua moja. Aliyelala chali kwenye vumbi, kofia kule, bakora kule, alikuwa Mzee Ombati, baba yake Kemunto, aliyetoka kutuita tukale.

Kwetu baba mkwe humgusi hata kwa mchezo, ukikutana naye njiani unampisha mbali, sasa mimi nimembeba mgongoni na kumtupa! Mama yake Kemunto akapiga ukelele, "Nyasae! Mungu wangu, ameua mzee!" Wazee wakatoka mbio, baba yangu akaona, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikataka kumwinua Mzee, wajomba wakanivuta nyuma kwa nguvu, "Usimguse tena!" Mzee alikuwa anatafuta pumzi, na kwa muda ule nilijua kabisa nimeua mtu.

Pumzi ikarudi. Wakamkalisha kwenye kigoda, akapangusa vumbi usoni polepole, akaniangalia.

"Mwanangu," akasema, bila hasira hata kidogo, "uliangalia ni nani amekushika?"

"Hapana, baba. Nisamehe. Nilidhani ni Mogaka."

"Na siku binti yangu akikushika bega hivyo, nyumbani kwako?"

Nikamtazama Kemunto. Hakuwa anacheka tena, aliniangalia kama mtu asiyenijua, kisha akaingia jikoni na kufunga mlango. Chakula hatukula. Posa iliishia hapo.

Tangu siku ile, mtu akinishika bega kwa nyuma nasimama kama nguzo, sigeuki, naomba kwanza aniambie jina lake. Mke niliyemwoa baadaye huona hilo ni jambo la kuchekesha sana, kila mara hujitaja, "Ni mimi," ndipo anishike.