Kinyozi na Kidonge cha Asubuhi

Kinyozi wetu tunamwita Spika, kwa sababu kibanda chake ni bunge. Ukikaa kwenye kiti chake utasikia mpira, siasa na ndoa za watu, naye, mashine mkononi, ndiye anayegawa zamu za kusema. Lakini mtu huyohuyo akiingia kwa daktari, mdomo unafungwa. Anaitikia tu, "Ndiyo, daktari," anachukua dawa, anaondoka.

Ndivyo alivyopewa dawa ya presha, kidonge kimoja kila asubuhi. Kumbe ni cha kupunguza maji mwilini. Siku ya kwanza tu, kila saa alikuwa mbio kwenda choo cha nyuma ya maduka. Safari moja alirudi akamkuta mteja amesimama mlangoni, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado, na wapita njia wanamcheka. Spika akaacha dawa kimyakimya.

Aliporudi kliniki, presha ilikuwa juu. Daktari, binti wa rika la mwanawe, akashika kalamu amwongezee dozi. Mkewe, aliyemsindikiza, akampiga kiwiko cha mbavu.

"Sema, Baba Watoto. Au niseme mimi?"

Spika akaungama. "Daktari, usiniongezee. Hizo zenyewe simezi." Akaeleza yote, mpaka habari ya yule mteja.

Daktari akacheka hadi akavua miwani, kisha akaweka kalamu chini. "Na mimi nina kosa, mzee. Sikukuuliza unafanya kazi gani. Sasa tuamue pamoja. Unaweza kumeza hiki jioni ukishafunga kazi, ila usingizi utakatikakatika. Au nikupe dawa nyingine isiyokukimbiza chooni, lakini baadhi ya watu huwavimbisha miguu. Wewe unaonaje?"

Hakuwahi kuulizwa hivyo. Akakuna kidevu. "Kazi yangu ni kusimama kutwa. Lakini miguu ikivimba nitanyoa nimekaa kwenye stuli. Tuijaribu hiyo nyingine. Ikinishinda je?"

"Unarudi, tunaangalia upya."

Miguu ilivimba kidogo kweli. Safari hii hakunyamaza. Alirudi akasema, wakapunguza dozi, uvimbe ukaisha na presha ikatulia. Siku hizi akiingia kliniki hatoki upesi: chumvi kiasi gani, mazoezi yapi, kidonge hiki cha nini. Juzi mkewe alilazimika kumvuta shati, maana foleni nje ilishaanza kunung'unika, naye alikuwa bado ana swali moja.