Mapipa Matatu ya Nyama ya Chumvi

Niliondoka Lanham, mji wetu huku Marekani, kwa ajili ya mtu mmoja, Mwalimu Jelani, Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni College Park na mpaka leo anakiongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Ukimsalimia tu, anakujibu kwa aya nzima. Tunamtania, naye alikuwa hachoki kuja kwetu kula.

Babu wa babu zake, Eliya, alikuwa mtumwa aliyekodishwa kuendesha gari la farasi, akiwapelekea unga na nyama ya chumvi askari wa mpakani, nchi hii ikiwa bado changa. Safari moja nyama ikafika imeoza. Wakasema Eliya amemwaga maji ya chumvi njiani ili mzigo uwe mwepesi, wakamchapa mbele ya askari. Ukoo wake haujakubali mpaka leo.

Sasa kuna watu huku ambao kila Julai huvaa mavazi ya kale, wakapiga kambi kama ya askari wale, na hawali ila kilichofika kwa gari la farasi. Hadithi ya Eliya ndiyo kichekesho chao cha kila mwaka. Jelani aliomba miaka mingi apewe hilo gari, na mwaka huu wakampa. Alitaka afikishe nyama ikiwa nzima, kisha alitaje jina la babu yake bila mtu kucheka. Hilo tu.

Nyama tuliitia chumvi jikoni kwangu, tukaijaza kwenye mapipa matatu ya mbao pamoja na maji yake makali, tukafunika.

Ijumaa asubuhi, Lanham. Shangazi yangu, Bi Mwanahamisi, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alitusindikiza hadi kwenye pikapu ya Jelani.

"Nendeni salama, wanangu. Nimewatengenezea vizuri, hao Wazungu hawatapata presha."

"Asante sana, Bibi. Nimefarijika mno," Jelani akamjibu.

Mimi nikacheka. Wallahi, nilicheka.

Tulipita Beltsville, kwenye mashamba ya utafiti ya serikali, Jelani akipiga mluzi. Kofia yake pana ya sufi, aliyoshonewa na binti yake, ilikaa mapajani mwake kama mtoto. Kupita Frederick, barabara ikawa nyembamba, tukafika kwenye shamba ambako farasi wawili walikuwa wameshafungiwa gari, wanatungoja. Tukahamisha mapipa, unga na maharage. Tangu hapo ilikuwa mwendo wa miguu kando ya farasi, jua linachoma, inzi hawana adabu. Jioni tulilala chini ya gari.

Jumamosi mchana, mlimani. Harufu ilianza kidogo, nikadhani ni farasi. Halafu ikaja yote. Jelani akasimamisha gari, akalegeza kifuniko cha pipa la kwanza, akachovya kidole, akakitia mdomoni.

"Haya ni maji matamu, hayana chumvi," akasema.

La pili vilevile. La tatu vilevile. Nikampigia Shangazi simu.

"Chumvi tele vile, mwanangu!" akasema, sauti yote furaha. "Nikayamwaga hayo maji juzi ulipokwenda kazini. Nikailoweka nyama, nikaibadilisha maji mara mbili, kama tunavyofanya samaki wa ng'onda. Nikawatilia maji safi. Wamekula?"

Jelani alisikia kila neno, na Kiswahili, kwa bahati mbaya, anakielewa. Akakaa chini njiani, kofia mkononi. Nikamwambia turudi.

"Wana njaa kule," akasema. "Unga upo." Akainuka, akawashika farasi.

Alasiri tukaingia kambini. Wanaume kwa wanawake walitukimbilia na masufuria yao, kisha wakarudi nyuma wameziba pua. Mkuu wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, akachungulia ndani ya pipa.

"Maji ya chumvi yako wapi?" akauliza.

Jelani akarudisha kifuniko.

"Basi hadithi ni ya kweli!" mzee akasema, wala hakuwa na ubaya, alikuwa anatania tu. Wakaangua kicheko kambi nzima. Mimi nikapandwa na hasira, nikafungua mdomo nieleze. Jelani akanishika mkono.

"Usimtaje Bibi. Watamfanya yeye ndiye kichekesho cha mwakani."

Akawageukia. "Gari lilikuwa langu," akawaambia. Jina la Eliya hakulitaja.

Nyama tukaizika sisi wawili. Tukawarudisha farasi shambani, kisha tukapanda pikapu, Frederick mpaka Lanham.

Jumapili, nyumbani. Shangazi alikuwa mlangoni, khanga mabegani. "Haya, wamekula? Wamesemaje?"

"Wamekula, Bibi," Jelani akasema. "Wameshukuru. Wamesema haikuwa na chumvi hata kidogo."

"Si niliwaambia!" Akampigia makofi, akaenda kumpakulia wali.

Mnaosoma mkiwa huko nyumbani Tanga mtaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuchapwa kwa wema wa mwenzake, na asiwe na wa kumlaumu. Labda hata Eliya alijua ni nani aliyemwaga maji yale, akanyamaza. Sijui, na inaniuma kutojua.

Jelani alikula wali wote, akaaga kwa adabu zake zote. Kofia ameiacha mlangoni, tunapovulia viatu, na hajarudi tangu siku hiyo. Shangazi kila siku ananiuliza mwalimu atakuja lini kuichukua.